Kiungo cha Chuma Kati ya Mpandaji na Mti: Matumizi na Utunzaji Wake



Somo la toleo hili linahusu kifaa kinachotosha kwenye kiganja cha mkono. Ni kiungo cha chuma kinachounganisha mkanda wa mpandaji na kamba yake, na kamba hiyo na mti. Mara nyingi katika orodha ya vifaa vya mradi kiungo hiki huandikwa mwishoni, baada ya mizinga, miche, misumeno na buti. Hata hivyo, mtu akiwa juu mita 12 kutoka ardhini, vyote vingine vinaweza kumkosa akabaki salama, lakini kiungo hicho kikimkosa hana kingine.

Lengo la somo ni kuwawezesha wanakamati kununua kiungo sahihi, kusimamia matumizi yake, kukitunza, na zaidi ya yote kujua siku ya kukiondoa kazini.

Nani anapanda miti katika eneo letu?

Katika miinuko ya Tarime wakulima wengi wamepanda migrivea katika mashamba ya kahawa na kwenye mipaka. Miti hiyo hupunguzwa matawi ili kahawa ipate mwanga na kaya ipate kuni. Aidha, vitalu vyetu vya miche vinahitaji mbegu, na mbegu za mgrivea hazisubiri. Matunda yake yakikomaa hupasuka upesi na mbegu huchukuliwa na upepo. Anayetaka mbegu nzuri hana budi kuzifuata kwenye matawi kabla hazijapeperuka.

Upande wa Serengeti, kwenye vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, wafugaji wa nyuki hutundika mizinga kwenye migunga na miti mingine mikubwa ili kuepusha nyegere, moto na wezi. Mavuno hufanyika usiku, katika moshi, na mpandaji akiwa amevaa glavu.

Kazi zote hizi zinafanana kwa jambo moja: mpandaji anahitaji mikono yote miwili kwa kazi yenyewe. Hawezi kushika mti na wakati huohuo kushika msumeno au masega. Hivyo basi, uzito wake unabebwa na kamba, na kamba inabebwa na kiungo.

Kabla ya kuendelea, kamati ijiulize kwanza kama kupanda kuna ulazima. Mizinga ya kisasa inaweza kutundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili, kwa urefu ambao mtu anavuna akiwa amesimama chini. Matawi ya chini hukatwa kwa msumeno wenye mpini mrefu. Kupanda kunakoepukika ndiko kupanda kulikoandaliwa vibaya zaidi.

Aina za viungo

Viungo tunavyovizungumzia ni vya aina tatu.

Ya kwanza ni karabina ya kufuli la kuzungusha kwa mkono. Ni pete ndefu yenye lango linalofunguka kwa ndani kwa nguvu ya springi, na juu ya lango kuna kifuniko chenye hesi ambacho mpandaji hukizungusha mpaka kifunge.

Ya pili ni karabina inayojifunga yenyewe. Kuifungua kunahitaji vitendo vitatu mfululizo: kusukuma kifuniko, kukizungusha, kisha kubonyeza lango. Ukiiachia hurudi na kujifunga. Kwa kazi ya kwenye miti hii ndiyo tunayoipendekeza. Kufuli la kuzungusha kwa mkono linaweza kulegea taratibu linapokwaruzwa na kamba au gome, na mpandaji asijue.

Ya tatu ni kiungo cha nati, yaani pingili ya chuma inayofungwa kwa nati ndefu na kukazwa kwa spana. Hiki hutumika mahali pasipofunguliwa mara kwa mara, kwa mfano pete inayobaki muda wote kwenye mkanda. Nati isipokazwa hadi mwisho kiungo hicho hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Viungo hutengenezwa kwa chuma cha pua, chuma kilichopakwa zinki, au aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi na haipati kutu nyekundu, lakini hulika haraka inaposuguana na waya au pete ya chuma. Panapokutana chuma na chuma, chagueni kiungo cha chuma.

Kununua: someni maandishi yaliyo kwenye mwili wa kiungo

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mtapata viungo vingi vinavyofanana na karabina. Vingine ni vya kuning'iniza funguo. Vingine ni kulabu za kufungia mizigo au minyororo ya mbwa. Baadhi vimeandikwa waziwazi kwa Kiingereza kwamba visitumike kupandia, lakini maandishi ni madogo na bei inavutia. Hata pingili nzito za kunyanyulia mizigo, ambazo zimeandikwa uzito kwa kilo au tani, zilitengenezwa kwa ajili ya mizigo. Hazikupimwa kwa ajili ya mwili wa mtu.

Kiungo cha kumbeba mtu hutambulika kwa alama zilizochongwa kwenye chuma chenyewe: jina la mtengenezaji, namba ya toleo, namba ya kiwango, na nguvu yake kwa kilonewton. Kiwango kinachotumika sana kwa viungo vya kazi za juu ni EN 362 cha Ulaya. Chini ya kiwango hicho, karabina ya kawaida hutakiwa kuhimili angalau kilonewton 20 kwa urefu wake, na kiungo cha nati angalau kilonewton 25. Kilonewton 20 ni karibu sawa na uzito wa tani 2.

Wanakamati wanaweza kuuliza, kwa nini tani 2 ilhali mtu ana kilo 70? Jibu liko kwenye alama zinazofuata. Ukitazama mwili wa karabina utaona mishale. Mshale wa urefu una namba kubwa, kama 20 au zaidi. Mshale wa upana una namba ndogo, mara nyingi 7 au zaidi kidogo. Maana yake, karabina ileile ikivutwa kwa ubavu hubaki na takriban theluthi moja ya nguvu. Lango likiwa wazi, nguvu hupungua vivyo hivyo. Tena mtu anayening'inia kwa utulivu huvuta chini ya kilonewton 1, lakini akidondoka mita moja au mbili kwenye kamba isiyonyumbuka, mvuto wa ghafla huzidi uzito wake mara nyingi. Pengo kati ya kilo 70 na tani 2 humezwa haraka na makosa madogo yakikutana.

Kutumia: mambo saba ya kuzingatia

1. Kiungo kivutwe kwa urefu. Kamba ikae upande wa mgongo wa karabina, yaani upande usio na lango. Msiunganishe kamba tatu zinazovuta pande tatu tofauti kwenye karabina moja.

2. Lango lisikae dhidi ya gome au tawi. Shina linaweza kulisukuma likafunguka. Aidha, karabina isilale juu ya tawi kama mtu anayevunja kijiti kwenye goti. Chuma hakikutengenezwa kupindwa kwa namna hiyo.

3. Funga, kisha bonyeza. Baada ya kufunga, mpandaji alibonyeze lango kwa nguvu bila kugusa kufuli. Likikataa kufunguka, limefungwa. Mlio wa "ta" peke yake hautoshi, na usiku wenye moshi macho hayatoshi pia. Vidole ndivyo vinavyothibitisha.

4. Msiunganishe karabina kwa karabina. Zikijipinda zinaweza kufunguana. Kati ya viungo viwili kuwe na kamba au mkanda.

5. Kamba isilegee. Mpandaji asipande juu ya mahali alipofunga kamba yake. Kamba za kazi ya miti zimetengenezwa kubeba mtu anayeegemea. Hazikutengenezwa kumdaka mtu anayeanguka kutoka juu.

6. Kupita tawi au kukata kunahitaji kamba mbili. Anapovuka tawi, afunge kamba ya pili kabla ya kufungua ya kwanza. Anapotumia panga au msumeno, awe amefungwa sehemu mbili zilizo mbali mbali, kwani msumeno haujui tofauti kati ya tawi na kamba.

7. Kiungo cha mtu ni cha mtu. Karabina iliyombeba mpandaji isitumike kushusha ndoo ya asali, kuvuta gogo au kufunga mzigo kwenye pikipiki. Wekeni viungo vya mizigo kwenye mfuko mwingine, na muwe na alama ya kuvitofautisha.

Pamoja na hayo, mpandaji asiwe peke yake. Chini awepo mtu anayejua namna ya kumshusha. Anayening'inia kwenye mkanda akiwa amezimia yuko hatarini ndani ya dakika chache, hata kama hakuanguka.

Utunzaji: adui wa kiungo ni vumbi, kutu na gundi ya nyuki

Kiungo hakifi kwa siku moja. Huchoka sehemu ileile inayofanya kazi, yaani bawaba, springi na kufuli.

Vumbi la barabara za moramu na la kiangazi cha Serengeti huingia kwenye bawaba. Mtu akitia mafuta mazito ya injini ili kulainisha, vumbi hunata na kuwa kama msasa. Baada ya wiki chache lango hurudi polepole, au halirudi kabisa.

Kwa wafugaji wa nyuki kuna adui wa pekee: gundi ambayo nyuki hutumia kuziba nyufa za mzinga. Gundi hiyo hulainika kwenye joto na hukakamaa kwenye baridi. Karabina iliyogusa gundi inaweza kufunga vizuri mchana stoo, chini ya bati la moto, kisha usiku kwenye baridi ikabaki na lango lililo wazi nusu. Mpandaji aliyeikagua saa 8 mchana atasema kwa haki kwamba ilikuwa nzima. Kwa sababu hiyo, kiungo cha kuvunia asali kikaguliwe tena palepale chini ya mti, muda wa kupanda.

Utaratibu wa kusafisha ni rahisi:

- Tenganisha kiungo na kamba. Kinachofaa kwa chuma kinaweza kudhuru kamba.
- Kioshe kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa mswaki wa zamani. Fungua na funga lango mara nyingi ndani ya maji ili uchafu utoke. Asali huyeyuka kwa maji. Gundi na nta vilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, kisha vikwanguliwe kwa kijiti cha mti, si kwa kisu.
- Suuza, futa, kisha anika kivulini penye hewa. Usikaushe kwenye moto wala juu ya jiko.
- Kikikauka, tia kiasi kidogo cha kilainishi kikavu, kama cha unga wa grafiti, kwenye bawaba na kufuli. Futa kinachozidi.
- Hifadhi mahali pakavu, mbali na betri za gari, viuatilifu, mbolea na chumvi. Stoo nyingi za vikundi huweka vitu vyote pamoja, na mvuke wa tindikali ya betri hula chuma na kamba bila kelele.

Mambo yasiyoruhusiwa kabisa ni haya: kuchomelea, kupasha moto, kunyoosha kwa nyundo, kupaka rangi mwili mzima, na kutoboa. Rangi huficha ufa. Moto hubadilisha ugumu wa chuma. Fundi mwema anayenyoosha karabina iliyopinda anarudisha umbo lake tu. Nguvu yake hairudi.

Ukaguzi na kadi ya kiungo

Kuna ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mpandaji mwenyewe, kila anapopanda. Wa pili ni wa mtu mwenye ujuzi aliyeteuliwa, angalau mara moja kila miezi 12, na mara nyingi zaidi pale kazi inapokuwa nzito. Huko Uingereza, kanuni za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinataka vifaa vinavyobeba watu vikaguliwe kila baada ya miezi 6. Kwetu tunashauri kabla ya kila msimu wa mavuno na wa kupunguza matawi.

Mkaguzi atafute haya:

- Mfereji uliolika mahali kamba inapopita. Ukifika kina cha milimita 1, kiungo kiondolewe. Pia apitishe kidole kutafuta ukingo mkali, kwani ukingo huo utakata kamba.
- Ufa wowote, kupinda, au lango lisilokutana sawasawa na pua ya karabina.
- Springi iliyolegea. Lango liachiwe kutoka kila kiwango, wazi kabisa na wazi kidogo, na kila mara lirudi lenyewe hadi mwisho.
- Kufuli lisilofanya vitendo vyake vyote, au hesi zilizolika.
- Kutu inayobaki baada ya kufutwa, au unga mweupe na vishimo kwenye aluminiamu.
- Alama zisizosomeka. Kiungo kisichojulikana nguvu yake hakimbebi mtu.

Kiungo kilichodaka mtu aliyeanguka kiondolewe bila mjadala. Kilichodondoka kutoka juu na kugonga jiwe kisitumike tena mpaka mkaguzi akione, na akiwa na shaka, kiondolewe.

Kila kiungo kiwe na namba, na kila namba iwe na kadi yenye tarehe ya kununuliwa, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe za ukaguzi, jina la mkaguzi na maoni yake. Daftari la shule linatosha. Watengenezaji wengi hawaweki ukomo wa miaka kwa kiungo cha chuma kinachotunzwa, tofauti na kamba na mikanda ambayo kwa kawaida haivuki miaka 10 hata ikiwa haijatumika. Maana yake ni kwamba hakuna tarehe ya mwisho iliyochongwa kwenye chuma. Tarehe hiyo huamuliwa na mkaguzi.

Siku ya kuondoa kazini

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Katika vikundi tunavyovitembelea, kununua si tatizo kubwa. Mfadhili hutoa fedha, vifaa hupokelewa, picha hupigwa. Tatizo huja mwaka wa tatu, karabina ikiwa imelika, na hakuna fungu la kununua nyingine. Kikundi hubaki na njia mbili: kupanda nayo hivyohivyo, au kuacha kazi. Wengi hupanda nayo.

Kiungo kibovu kwa namna fulani ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Asiye na kamba hupanda kwa hofu na kushika mti kwa mikono yote. Aliyefungwa huachia mikono na kuegemea nyuma, kwa sababu ameambiwa kwamba kamba itambeba. Tukimfundisha mtu kuamini kifaa, tumebeba dhamana ya kifaa hicho.

Kiungo kilichoondolewa kiharibiwe palepale mbele ya mashahidi wawili: kikatwe kwa msumeno wa chuma vipande viwili. Kikiwekwa pembeni "kwa dharura" kitarudi kazini, na kikitupwa kizima kitaokotwa na kijana anayetafuta pete ya kamba yake. Kukata kiungo kilichogharimu fedha huonekana kama ufujaji, hivyo kamati iandike kwenye muhtasari kwamba kimekatwa kwa uamuzi wake, ili mtunza stoo asidaiwe.

Wajibu wa kamati na wa wafadhili

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kulinda usalama wa mfanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008 unamhusu mwajiriwa. Mwanakikundi anayepanda kwenye mzinga wake mwenyewe si mwajiriwa wa mtu. Akiumia uti wa mgongo, atasafirishwa mbali, pengine hadi hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, na gharama itakuwa ya familia. Kule Zanzibar, ambako kuanguka mikarafuu wakati wa uchumaji ni jambo linalojirudia, Shirika la ZSTC limekuwa likitoa fidia kwa wanaoumia. Mchumaji wa mbegu wa Tarime hana shirika la namna hiyo.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8, ilimwagiza mwenye nyumba mpya kuweka ukingo kwenye dari yake ili mtu asianguke na hatia ikawa juu ya nyumba hiyo. Wajibu uliwekwa kwa mwenye nyumba, kabla mtu yeyote hajaanguka. Mradi nao ni nyumba, na mwenye nyumba ni kamati pamoja na aliyeigharimia.

Kwa hiyo tunaomba kila andiko la mradi lenye kazi ya kupanda miti liwe na mafungu manne: ununuzi, mafunzo, ukaguzi wa kila mwaka, na ununuzi wa kubadilisha. Washirika wetu wanaosoma maandiko hayo, tunawasihi msiliondoe fungu la nne kwa kuona kwamba vifaa vilishanunuliwa. Na kama fedha hazitoshi mafungu yote manne, ni heri kupunguza idadi ya wapandaji kuliko kupunguza ukaguzi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, ni kazi zipi zinazomlazimu mtu kupanda mti, na ni zipi zinazoweza kufanyika kutoka chini?
2. Tuna viungo vingapi vya kubeba mtu? Alama za kila kimoja zinasomeka?
3. Nani ameteuliwa kukagua, na ana mamlaka ya kusema "hiki kisipande tena" hata siku ya mavuno?
4. Mara ya mwisho tuliondoa kiungo kazini lini? Kama hatujawahi, ni kwa sababu vyote ni vizima, au kwa sababu hatujavitazama?
5. Kiungo kimoja kikiondolewa leo, fedha ya kununua kingine iko fungu gani?

Tunashauri kamati zijibu swali la pili huku viungo vyenyewe vikiwa vimewekwa mezani.